Mmeuliza kuhusu mbuzi wa maziwa: kwanza mfunue jicho

Maswali ya safari hii yamekuja mengi, nimechukua saba ambayo naona yanawagusa wengi mnaoanza. Mi nafuga mbuzi wa maziwa miaka mingi sasa na kitu ninachokiona kwenye barua zenu ni kwamba karibu kila mtu anauliza dawa gani, chakula gani, aina gani, ila wachache sana wanauliza mbuzi mzima anaonekanaje. Kwa hiyo msishangae majibu yangu yakirudi hapohapo kila mara.

Nina eneo dogo tu nyuma ya nyumba, nataka nianze na mbuzi mmoja wa maziwa nione kama naweza, alafu ndo niongeze. Nifanyeje?

Dada yangu, kuanza kidogo ni jambo zuri ila mmoja ni kidogo mno. Mbuzi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake analia, hali vizuri, maziwa yanapungua na muda wote anatafuta pa kutorokea. Wangu wa kwanza nilimchukua peke yake kama unavyotaka wewe, usiku wa tatu nikawa nimebeba kigoda nakaa naye bandani maana kila nikitoka analia mpaka sauti imekauka, nikatafuta mwenzake wiki ileile na siku alipofika tu kelele zikaisha. Chukua majike wawili, au jike mmoja na dume aliyehasiwa awe wa kumpa kampani. Beberu usinunue kwanza, atakula mwaka mzima kwa kazi ya siku chache, na harufu yake utaisikia mpaka jikoni.

Kabla mbuzi hajafika banda liwe limeisha. Weka mita za mraba 1.5 mpaka 2 kwa kila mbuzi mkubwa, paa lisilovuja, upande wa upepo mkali uzibe lakini hewa ipite juu. Banda la kichanja ndo ninalolipenda mimi, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, nafasi kati ya mbao na mbao kama sentimita 1.5, kinyesi kinapita na kwato haiingii (watoto miguu yao ni myembamba, kona yao tandika ubao mzima). Kihori kiwe nje ya kizuizi, mbuzi atoe kichwa tu kula, kwa sababu majani akishayakanyaga hayali tena hata umbembeleze vipi. Na maji kila siku yawe safi, mbuzi anayekamuliwa asipokunywa vya kutosha maziwa yanashuka siku hiyohiyo.

Muuzaji anasema mbuzi wake anatoa lita nne kwa siku. Nitajuaje ni kweli? Na nichukue Saanen au Nubian?

Kaka, nenda saa ya kukamua. Nenda jioni, rudi na asubuhi yake, uone mikamuo yote miwili kwa macho yako, kwa sababu mtu akiruka mkamuo mmoja kiwele kinajaa na mgeni anadanganyika kirahisi sana. Wakishamaliza kukamua omba ukishike kiwele. Kinatakiwa kiwe kimelegea kama mfuko mtupu, laini pande zote, ukikuta kidonge kigumu ndani basi hapo pamewahi kuugua na upande huo hauna uhakika tena. Chuchu ziwe mbili tu, zinazoingia mkononi vizuri, zile ndogondogo za ziada zinaleta tabu wakati wa kukamua. Fungua mdomo uangalie meno ya mbele ya chini (ya juu hana, usije ukaona ni kasoro), akiwa na mwaka mmoja hivi meno makubwa ni mawili, miaka 2 manne, miaka 3 sita, miaka 4 yote manane. Ukiambiwa "ana miaka miwili" na meno manane makubwa yamejaa unajua unaongea na nani.

Alafu angalia magoti ya mbele. Yakiwa yamevimba anaweza akawa na ugonjwa wa virusi unaoitwa CAE ambao hauna tiba, na mama anawapa watoto wake kwa maziwa. Dai kipimo cha damu cha CAE na cha ugonjwa wa kutupa mimba (brusela) kabla hujatoa hela, muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Kuhusu aina: Saanen, Toggenburg na Alpine wanatoa maziwa mengi, Anglo-Nubian (yule wa masikio marefu yanayoning'inia) anatoa kidogo kuliko hao ila mafuta ni mengi na ladha ni nzito. Lita nne zinawezekana kabisa kwa mbuzi mzuri anayekula vizuri kwenye kilele chake, miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, baadaye zinashuka taratibu mpaka kama mwezi wa kumi tangu azae. Mimi binafsi ningechukua chotara mzima aliyepimwa kuliko Saanen safi ambaye hakuna anayejua historia yake.

Shikamoo. Mbuzi wangu anakula vizuri lakini anakonda, na siku hizi jioni akirudi malishoni anakuwa na uvimbe chini ya taya, asubuhi umepungua. Sio jipu maana ni laini. Hajaharisha. Nilimpa dawa ya minyoo mwezi uliopita. Ni nini?

Marahaba mwanangu. Hili nalijibu kwa urefu maana ndo linaloua mbuzi wengi wa wanaoanza, na barua yako umeiandika vizuri sana, kila kitu umekiona isipokuwa kimoja.

Nenda sasa hivi bandani, mtoe mbuzi kwenye mwanga wa jua, mwenzako amshike kichwa. Weka dole gumba la mkono mmoja juu ya kope ya juu, ikandamize taratibu ifunike jicho, dole gumba la mkono mwingine livute kope ya chini kwenda chini. Utaona nyama ya ndani ya kope ya chini imechomoza. Angalia rangi yake haraka, sekunde mbili tu, kisha achia na ufanye jicho la pili. Mbuzi mzima pale ni pekundu kama nyama mbichi. Ukikuta pinki iliyofifia, tatizo limeanza. Ukikuta peupe kama karatasi, mbuzi wako damu imemwisha na hana siku nyingi.

Uvimbe huo laini wa chini ya taya ni maji. Damu ikipungua sana na protini ikishuka, maji yanavuja kwenye mishipa na kutuama sehemu ya chini kabisa, na yeye ameshinda ameinamisha kichwa anakula ndo maana jioni unaona mkubwa, usiku akiwa amelala ameinua kichwa unapungua. Bonyeza kwa kidole, shimo linabaki kidogo. (Jipu la tezi ni tofauti, lile gumu, la mviringo, upande wa taya au chini ya sikio, na hilo usilipasue mwenyewe maana usaha wake unaambukiza kundi zima.)

Anayeleta hayo mara nyingi ni mnyoo mmoja wa tumboni, Haemonchus contortus, mwembamba kama uzi, ananyonya damu. Mnyoo mmoja ananyonya kama mililita 0.05 kwa siku, utasema ni kitu gani hicho, ila mbuzi akiwa na minyoo 1,000, na hiyo sio ajabu, ni mililita 50 za damu kila siku iendayo kwa Mungu. Na jike mmoja wa huyo mnyoo anataga mayai 5,000 au zaidi kwa siku. Kuharisha sio dalili yake kuu, wengi wanasubiri mbuzi aharishe ndo washtuke, kumbe huyu anaweza kufa na kinyesi chake ni vidonge vizuri kabisa.

Sasa kwa nini dawa ya mwezi uliopita haikusaidia. Kuna sababu mbili ninazoziona kila mara. Ya kwanza ni kipimo, watu wanakadiria uzito kwa macho na wanatumia kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa, wakati mwili wa mbuzi unaitoa dawa haraka kuliko kondoo na dawa nyingi zinahitaji kipimo kikubwa zaidi kwake. Minyoo dhaifu inakufa, ile ngumu inabaki na kuzaana, na baada ya mwaka una minyoo ambayo dawa ile haiitingishi kabisa. Ya pili ni kwamba amerudi kwenye majani yaleyale mafupi, na wakati wa joto na unyevu yai linaweza kufika hatua ya kuambukiza ndani ya wiki moja tu.

Kwa hiyo leo mpigie daktari wa mifugo, mwambie rangi uliyoiona kwenye jicho, mpime uzito kwa mizani au utepe wa kifuani, akupe dawa ya kundi tofauti na ile ya kwanza na kipimo cha mbuzi. Muulize na siku ambazo maziwa hayatakiwi kunywewa. Kisha mpumzishe, usimtembeze mbali, mpe majani mazuri ya jamii ya kunde na mashudu kidogo maana damu mpya inajengwa kwa protini.

Baada ya hapo ifanye iwe kawaida yako, kipindi cha mvua wafunue macho wote kila wiki mbili au hata kila wiki. Ipo kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini inaitwa FAMACHA, unaiweka karibu na jicho unalinganisha, 1 ni nyekundu nzuri na 5 ni nyeupe ya hatari, wa 4 na 5 wanapata dawa siku hiyohiyo, na wa 3 kama ana mimba au anakamuliwa mi simwachi. Wale wenye macho mekundu usiwape dawa hata kama mkono unawasha, minyoo yao ambayo haijaizoea dawa ndo inayochanganyika na ile sugu na kuipunguza nguvu. Na usiwaache wakwangue majani yaliyobaki sentimita tano, viluwiluwi wa minyoo wengi wanakaa hapo chini. Mbuzi kwa asili anakula juu, majani ya vichaka na miti, mkatie umwinulie.

Nimpe chakula kiasi gani, na cha kondoo kinafaa?

Kwa kifupi mama: majani ndo chakula, nafaka ni nyongeza tu. Kwa siku mbuzi wa maziwa anakula chakula kikavu kama asilimia 3 mpaka 4 ya uzito wake, yaani mwenye kilo 50 ni kilo moja na nusu mpaka mbili ukitoa maji yaliyomo kwenye majani. Chakula cha nguvu mpe nusu kilo kwa kila lita moja na nusu anayotoa, umpe wakati wa kukamua. Madini ya kondoo usimpe ukategemea yanatosha, yanatengenezwa bila shaba au na kidogo sana kwa sababu shaba inaua kondoo, mbuzi anaihitaji. Na ua la oleander likiwepo uani ling'oe leo, ni sumu.

Ila kikubwa ni mlango wa stoo. Mbuzi wangu mmoja alifungua komeo kwa mdomo usiku akala nafaka mpaka akashiba, asubuhi nikamkuta amesimama ameinama, tumbo limejaa, hacheui, anasaga meno, jioni hayupo. Nafaka nyingi kwa mara moja inachacha tumboni inakuwa asidi. Tangu siku ile natumia kufuli, na chakula kipya chochote nakianzisha kwa siku kumi mpaka kumi na nne kidogokidogo.

Maziwa ya mbuzi wangu yananuka beberu, familia imekataa kunywa. Na nikikamua anapiga teke ndoo.

Pole sana, ila yanatibika. Maziwa ya mbuzi yaliyotunzwa vizuri hayanuki, ni meupe, matamu kidogo, mtu asiyejua hawezi kukisia. Yana mafuta yenye asidi za kaproiki, kapriliki na kapriki (majina yote matatu yametokana na capra, mbuzi kwa Kilatini), na mafuta hayo yakivunjika kwa joto, kwa uchafu au kwa kutikiswatikiswa ndo harufu inatoka. Kama kuna beberu karibu mtenge mbali, ana tezi za harufu nyuma ya pembe na akiwa kwenye msimu anajikojolea ndevu na miguu, jike akijisugua naye wewe unaileta kwenye ndoo kwa mikono yako. Alafu poza haraka. Mimi nikimaliza kukamua nachuja nikiwa bado nimesimama, chombo kinaingia kwenye maji ya barafu nakoroga mpaka yapoe, lengo ni nyuzi 4 haraka iwezekanavyo, kumwaga tu kwenye chupa na kuweka kwenye friji hakutoshi maana katikati yanabaki ya moto muda mrefu. Ndoo iwe ya chuma kisichoshika kutu, plastiki inatunza harufu ya jana.

Teke mara nyingi ni maumivu. Usivute chuchu. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha, kisha bana juu kabisa ya chuchu kwa dole gumba na cha shahada kama pete, hiyo ni kuzuia maziwa yasirudi juu, halafu funga kidole cha kati, cha pete, cha mwisho, kimoja baada ya kingine, maziwa yanatoka yenyewe. Achia chuchu ijae, rudia. Mikono itachoka siku tano za kwanza, wiki ya pili haitachoka. Michirizi miwili mitatu ya kwanza ikamue kwenye kikombe cheusi uangalie, ukiona mabonge, maji maji au damu, au kiwele kiko moto upande mmoja, huo ni ugonjwa wa kiwele, maziwa hayo yasiingie ndoo na daktari aitwe. Kamua kila baada ya saa 12, saa zilezile. Ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini na umpe majani asimame anakula kama nusu saa, tundu la chuchu lifunge kabla hajalala chini.

Mtoto wangu ana miezi mitano, maziwa yangu ni kidogo, jirani anasema maziwa ya mbuzi ni mepesi na nimpe mabichi ndo yana nguvu. Ni kweli?

Hapana mama, usimpe, wala mabichi wala yaliyochemshwa, mpaka afike mwaka mmoja. Maziwa ya mbuzi yana foleti (vitamini ya kujenga damu) kidogo sana na mtoto anayeyategemea anaweza kuishiwa damu. Nenda kliniki wakusaidie kunyonyesha, na ikibidi wakupe maziwa maalumu ya watoto wachanga. Na kama kuna mkubwa nyumbani mwenye aleji ya maziwa ya ng'ombe asijaribu ya mbuzi akidhani ni salama, protini zake zinafanana na wengi wanadhurika vilevile. Laktosi, ile sukari ya maziwa inayowasumbua wengine tumboni, nayo imo.

Na hayo mabichi yasinywewe na mtu yeyote nyumbani. Nimesema mfunue mbuzi jicho, lakini kuna ugonjwa ambao jicho halioni. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua kijidudu (bakteria) kilichokuwa kinaua askari kisiwani Malta, na hakuna aliyejua kinatoka wapi mpaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa hukohuko Malta, alipokikuta kwenye damu ya mbuzi, mbuzi wazima wa kuangalia, wanakula, wanatoa maziwa vizuri. Askari walipokatazwa maziwa yale homa ikashuka. Ndo brusela hiyo, na bado ipo. Pasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kama huna kipimajoto yachemshe tu. Na wewe mwenye mtoto, ukipata mimba tena usimzalishe mbuzi wala kushika kondo lake.

Mbuzi wangu anakamuliwa mwezi wa nane sasa. Nimpandishe lini, na akizaa nifanye nini maana nitakuwa peke yangu?

Akitikisa mkia, akilia bila sababu, sehemu za siri zikiwa nyekundu na zenye ute, yuko kwenye joto, linadumu siku moja hivi hadi mbili na likipita linarudi baada ya kama siku 21. Aina nyingi za maziwa zilizotoka nchi za baridi zinaingia joto mchana unapofupika, kwa hiyo andika tarehe kwenye kalenda. Kama jike wako alizaliwa bila pembe mtafutie beberu mwenye pembe za asili, wasio na pembe wawili wakipandana wanazaa baadhi ya watoto wasio majike wala madume. Mimba ni siku 150 hivi. Miezi miwili ya mwisho mkaushe, punguza nafaka, acha kukamua, kiwele kipumzike, ila wiki za mwisho mwongezee chakula kizuri kidogokidogo hasa akiwa na mapacha.

Siku yenyewe kano za pembeni mwa mkia zinalegea mpaka unaweza kuzungusha vidole kwenye shina la mkia, kiwele kinang'aa kwa kujaa. Muache. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hivi na hakuna kinachotokea, piga simu kwa daktari, usingoje kesho. Kitoto kikitoka futa pua na mdomo, mpe mama alambe, kitovu kichovye kwenye ayodini. Kisha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa moja au mbili, kinga yake yote inatoka humo na utumbo unaanza kujifunga baada ya saa chache tu. Kitoto cha kilo 3 kinahitaji kama mililita 300 ndani ya siku ya kwanza, ugawe mara nne au tano. Kisiposimama kunyonya kamua uweke kwenye chupa, ila kabla ya chupa ingiza kidole chako mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa baridi usimnyweshe, mfunge kwenye taulo, mweke kifuani kwako au karibu na chupa ya maji ya moto mpaka mdomo upate joto na aanze kunyonya kidole, hapo ndo umpe.